Sebule Iliyokwenda Pangani

Juzi nilisimama kwenye kituo cha mafuta, nikashuka kunyoosha miguu. Dada wa pampu akachomoa bomba kwa pupa, dizeli ikanirukia kiatuni na kwenye pindo la gauni. Akaniomba radhi mara tatu, akakimbilia kitambaa. Nikamwambia aache tu. Nilikuwa nimefumba macho kama mtu anayenusa pilau la jirani, na bila shaka alinishangaa. Petroli ina ukali, inapanda kichwani na kutoweka. Dizeli ni nzito, inakaa kwenye ngozi na kwenye kanga hata ukifua mara mbili. Kwa wengine hiyo ni harufu ya gereji. Kwangu mimi ni harufu ya mama yangu, mwaka ule nilipokuwa darasa la tatu, nyumbani kwetu Nguvumali.

Gari lenyewe Baba alilileta kutoka Dar es Salaam siku ya Ijumaa, watu wakiwa ndiyo kwanza wanatoka msikitini, kwa hiyo mtaa mzima uliliona likikata kona. Lilikuwa la kijani kilichoiva, karibu na nyeusi, refu, limenyanyuka juu ya magurudumu yake kama mtu aliyepandisha suruali isilowe. Liliponguruma kwenye ua wetu, vikombe vya kabatini viligongana. Mimi na mdogo wangu Idi tulikuwa tumeshikana mikono, tunaruka palepale tulipo, tunapiga kelele zisizo na maneno.

Baba akafungua milango yote. Mbele siti mbili, katikati siti ya watu watatu, na nyuma kabisa, mahali ambapo katika magari tuliyoyajua paliwekwa mizigo, kulikuwa na siti nyingine zimekunjwa ubavuni kama mabawa ya kuku aliyelala. Akavuta kamba, zikashuka, zikajifunga sakafuni kwa mlio mmoja wa nguvu. Safu tatu! Bibi, mama yake Baba, akapandishwa na kuketishwa katikati. Akapapasa kitambaa, akatazama mbele, akageuka kutazama nyuma, akasema, "Hili si gari. Hili ni sebule. Kahawa iko wapi?"

Basi jina likakaa. Mtaa mzima ukaliita Sebule.

Mimi nilidai siti ya nyuma kabisa, na hakuna aliyenipinga, maana watu wazima hawakuweza kukunja magoti yao pale. Niliona nimepewa chumba changu peke yangu, chenye vioo pande tatu. Baba alikuwa na masharti yake: viatu vikung'utwe kwanza, asiingie mtu na embe wala ubuyu, na asiguse mtu kitu chochote mbele. Naye mwenyewe alikuwa na desturi yake kila asubuhi. Alizungusha ufunguo nusu, kitaa kidogo cha rangi ya chungwa kikawaka, naye akaomba dua taratibu, midomo ikicheza. Kitaa kilipozima, ndipo akawasha. Nilimweleza Idi kwa uhakika kabisa kwamba gari hili ni la Kiislamu, halikubali kuwaka mpaka lisikie Bismillah.

Jioni ya siku ile ya kwanza Mama alizunguka gari polepole, akapitisha kiganja kwenye boneti lililokuwa bado na joto. "Na mimi utanifundisha?" aliuliza.

Baba akacheka. Hakucheka kwa ubaya. Baba yangu alikuwa mtu laini, mwenye kutubeba mabegani. "Ufundishwe nini, Mama Rukia? Si nipo? Popote unapotaka nitakupeleka. Gari zito hili, la dizeli, litakuvunja mikono bure."

Mama naye akacheka kidogo, akaingia jikoni.

Masika yakaanguka. Baba alikuwa na duka Ngamiani, na kila baada ya wiki mbili alipanda basi kwenda Dar kufuata bidhaa, maana hakutaka kulichakaza gari kwa safari ndefu, Sebule ikibaki uani imefunikwa turubai. Ilikuwa safari mojawapo ya hizo, mvua inamwagika siku ya nne mfululizo, alipokuja mtu kutuambia kwamba Bibi wa Pangani, mama yake Mama, amezidiwa. Mama alivaa baibui lake akakimbilia stendi. Akarudi amelowa chapachapa. Mabasi ya Pangani hayapiti, njia imekuwa uji. Alitafuta dereva mtaani asimpate. Simu ya Baba haikupatikana. Nakumbuka amesimama barazani, maji yanamchuruzika, analitazama lile turubai pale uani. Alisimama muda mrefu. Kesho yake ikaja habari kwamba Bibi wa Pangani amefariki, na kwamba wameshamzika, maana sisi hatulazi maiti. Baba aliporudi alitupeleka siku ileile, na Sebule ikapita lile tope bila tatizo. Lakini tulifika kwenye kaburi lililokwisha fukiwa.

Baada ya hapo Mama akawa na mambo.

Kwanza, alianza kwenda Makorora. Siku moja alinichukua, akaniacha nje ya nyumba ya bati, na kutoka humo akatokea mwanamke mrefu kuliko baba yangu, amefunga kitenge juu ya mabuti ya kiume, msalaba mdogo shingoni. Nikamwamkia, shikamoo, akaniitikia kwa sauti nzito kama ya mwalimu wa mchakamchaka. Aliitwa Mama Eliya. Wakaenda na Mama pembeni wakanong'ona, na yule mwanamke akawa anamshika Mama vifundo vya miguu, anamgeuza kisigino huku na huku, Mama anatikisa kichwa kukubali.

Pili, kulikuwa na harufu. Kanga ya Mama, ambayo siku zote ilinukia udi na kitunguu, ilianza kunuka kitu kingine kizito.

Tatu, na hili ndilo lililonikosesha usingizi, nilitoka madrasa mapema siku moja nikachungulia jikoni. Mama alikuwa ameketi juu ya kibao cha mbuzi, bila nazi mkononi. Mbele ya miguu yake alikuwa amepanga kandambili tatu. Mguu wa kushoto ulikanyaga kandambili ya kushoto, ukaachia polepole, polepole sana, huku wa kulia ukikanyaga ya kulia. Mkono wa kushoto ulishika mwiko uliosimamishwa ndani ya kinu, akausukuma mbele, akauvuta nyuma. Na alikuwa anasema peke yake, macho yameganda ukutani: "Moja... achia... mbili... achia, achia, usiruke."

Nilijua mara moja. Mama alikuwa na pepo.

Jirani yetu mmoja alikuwa na pepo, na sote watoto tulijua dalili zake: kuzungumza peke yako, kutikisa miguu, kutafuta mganga kwa siri mtaa wa mbali. Mama Eliya, basi, ndiye mganga. Na ile harufu ni dawa. Nilimtazama Mama kwa huruma wiki nzima. Nilimsaidia kuosha vyombo bila kuambiwa. Aliponiuliza, "Rukia, una nini wewe siku hizi?" nilikaribia kulia. Nikaamua kwamba nitamfuata nikaone mwenyewe anavyotibiwa, nimkinge ikibidi.

Nafasi ikaja siku Baba alipokwenda tena Dar. Nilisikia Mama akimwambia Bibi kwamba mchana anatoka kidogo na mgeni wake. Nilimshika Idi mkono nikamfikisha madrasa, kisha nikarudi mbio kwa njia ya uani. Turubai lilikuwa limeshavuliwa! Nikafungua mlango wa nyuma, nikajibana sakafuni mbele ya siti yangu, nikajifunika mkeka. Mara milango ya mbele ikafunguka, watu wawili wakapanda, na ile sauti nzito ikasema, "Leo utatoka nalo wewe mwenyewe hapa uani. Zungusha nusu. Ngoja. Ngoja taa ya koili izime. Dizeli ikiwa baridi ukaiharakisha, itakununia."

"Bismillahi," alisema Mama.

"Haya na hiyo nayo. Sasa washa."

Kwa hiyo kitaa kile hakikuwa kinasubiri dua. Sikupata muda wa kulifikiri hilo, maana Sebule ilitetemeka na kuondoka. Tulikwenda muda mrefu, nikihesabu kona mpaka zikanipotea, hadi nikasikia majani yakikwaruza ubavuni. Baadaye nilikuja kupajua: shamba la mkonge lililoachwa, nje ya mji, lenye barabara za udongo mwekundu zilizonyooka na pana. Gari likasimama. Mama Eliya akasema, "Hapa sasa. Namba moja. Hapa kwenye mwinuko, uondoke bila kurudi nyuma." Kisha gari likaruka. Likaruka tena. Likakohoa, likatikisika lote kuanzia mbele hadi nyuma kama ng'ombe aliyeumwa na siafu, kichwa changu kikagonga chuma cha siti, na mimi nikapiga ukelele kwa sauti yangu yote:

"Amepandisha! Mama amepandisha! Mama Eliya, mshike!"

Gari likazima. Nilipotoa kichwa kwenye mkeka niliona nyuso mbili zimenigeukia. Mama alikuwa nyuma ya usukani. Mama yangu! Mikono yote miwili imeushika usukani, kilemba kimemteleza, jasho linamtiririka.

"Rukia! Umefikaje humu?"

"Usimpige," nikamwambia Mama Eliya huku nikilia. "Pepo wake si mbaya. Anataka kupanga kandambili tu."

Mama Eliya alinitazama, akamtazama Mama, kisha akafungua mlango akashuka, kwa sababu kicheko chake hakikuweza kutosha mle ndani. Alijishika magoti pale barabarani akacheka mpaka akakaa chini. Mama naye hakuweza kujizuia. Nilipandishwa siti ya katikati, nikapanguswa pua kwa pindo la ile kanga yenye harufu, nikaelezwa. Mama Eliya alizaliwa milimani, Bumbuli, akashuka kijana kufuata kazi ya mkonge, na kwa miaka mingi aliendesha trekta kwenye shamba la upande wa Muheza, mwanamke peke yake kati ya wanaume. Sasa alikuwa anamfundisha Mama kuendesha.

"Baba anajua?" nikauliza.

Mama akatazama nje kupitia kioo cha mbele. "Mama yangu alikuwa anakufa," alisema, "na gari limekaa uani, limejaa mafuta, na ufunguo uko kabatini. Nilisimama nikalitazama tu, Rukia. Sitaki tena maisha yangu yote kusimama nikitazama." Halafu akanishika kidevu. "Baba yako nitamwambia mimi mwenyewe, siku nitakayokuwa najua. Si kabla. Unaweza kukaa na siri?"

Niliweza! Sijawahi kuwa na furaha kama ile. Kutoka siku ile nikawa mtu wa kazi. Sebule ilikuwa ndefu, na Mama alikuwa mfupi, hakuona vizuri nyuma, kwa hiyo Mama Eliya akaniweka siti yangu ya mwisho, nimepiga magoti nikitazama kioo, niwe macho ya nyuma. "Nyuma kweupe!" "Nyuma kuna mbuzi!" "Kushoto mfereji, Mama, kata, kata, kata!" Nilisema maneno hayo hadi nikayaota. Mama Eliya alikuwa mkali. Hakukubali Mama atazame miguu yake. "Miguu haijapotea, ipo palepale ulipoiacha jana. Tazama unakokwenda. Na sikiliza. Dizeli inasema. Ikiguna, imechoka, punguza gia. Ikipiga kelele, umeionea, panda gia. Usimsikilize mtu mwingine yeyote, lisikilize gari." Na Mama alisikiliza, kichwa amekiinamisha kidogo kama mtu anayesikiliza mtoto tumboni. Kuruka kukapungua. Kuzima kukapungua. Siku aliyopita namba moja hadi namba nne kwenye ile njia ndefu ya mkonge, vioo vimeshushwa, vumbi jekundu limesimama nyuma yetu kama ukuta, sote watatu tulipiga vigelegele, na mimi ndiye niliyepiga virefu zaidi.

Mara moja tulikaribia kukamatwa. Baba alirudi safari, akachuchumaa kando ya gurudumu, akachokoa kwa kidole. "Ajabu," akasema. "Gari limekaa uani wiki nzima. Huu udongo mwekundu umetoka wapi?"

Bibi alikuwa barazani anapepeta mchele, wala hakuinua uso. "Kuku hao," akasema. "Wanachakura tu hapo kutwa."

Baba akatazama udongo wa ua wetu, uliokuwa mweupe kama unga, akatazama kuku, akaingia ndani. Bibi akaendelea kupepeta. Ndipo nilipojua kuwa siri ile ilikuwa na watu wanne.

Vuli ya mwaka ule ikaja na nguvu, na ikaja pamoja na arusi. Mama mdogo Saumu, mdogo wake Mama wa mwisho, alikuwa amewekwa ndani kwetu siku saba, anasingwa liwa na kufukizwa udi, nyumba nzima inanukia. Alichoomba ni kimoja tu: aozeshwe Pangani, ndani ya nyumba ya marehemu mama yao. Ndoa ilipangwa baada ya Alasiri. Baba angetupeleka asubuhi.

Usiku wa kuamkia siku hiyo mvua ilinyesha moja kwa moja. Alfajiri Baba alitoka kwenda kutawadha, akateleza kwenye ngazi ya uani. Tulipomkuta, kifundo cha mguu wake wa kulia kilikuwa kimeshaanza kuvimba kama papai. Akajaribu kusimama, akakaa. Akaagiza mtu wa kumtafutia dereva, akapiga simu huku na huku. Mmoja yuko Korogwe, mwingine gari lake limekwama Pongwe, mwingine akasema wazi kwamba njia ya Pangani kwa mvua hii haendi hata kwa nini. Saa tatu ikafika. Saa nne. Mama mdogo Saumu alikuwa ameketi kitandani amevaa, hina imemkolea hadi kwenye viwiko, anatazama sakafu. Hakulia. Alisema tu, "Basi. Waambieni wangoje mpaka siku nyingine."

Mama akatoka chumbani kwake. Alikuwa amefunga kilemba kwa mafundo mawili na kuvaa viatu bapa. Alipita mbele ya Baba, akafungua kabati, akachukua ufunguo.

"Pandeni," akasema.

"Wapande nini?" Baba akauliza. "Dereva nani?"

"Mimi."

Baba akanyoosha mkono kuutaka ufunguo. "Mama Rukia, hili si jambo la mzaha. Kuna tope, kuna polisi..."

Mama akafungua pochi yake, akatoa leseni, akamwekea mapajani. Baba akaisoma mbele, akaigeuza, akaisoma nyuma.

"Hii ya lini?"

"Ya mwezi uliopita."

Kabla hajapata swali jingine, mlango wa gari uligongwa kwa nguvu nje. Bibi alikuwa ameshapanda, ameketi katikati, baibui amelikunja vizuri magotini. "Mnangoja nini?" akaita. "Bibi arusi anataka kuolewa leo, si mwakani!"

Baba alibebwa na majirani wawili, akawekwa katikati kando ya Bibi, mguu umenyooshwa juu ya mto. Idi akabanwa kati yao. Mama mdogo Saumu akakaa mbele, amefunikwa mtandio, na somo wake aliyekuwa akimfunda, mama mnene mwenye kikapu cha manukato, akajikunja kunja hadi akaingia nyuma kwangu, akakalia siti mbili. Mama akazungusha ufunguo nusu, akangoja, akasema Bismillahi, akawasha. Sebule ikatoka uani laini kama maziwa. Nikapiga kelele, "Nyuma kweupe!" bila kufikiri, na Baba akageuka kunitazama polepole sana.

Mwanzoni alituchekesha, ingawa hakukusudia. Kila Mama alipokaribia kona, Baba alikanyaga breki isiyokuwapo kwa ule mguu mbovu, akaguta kwa maumivu. "Punguza! Baiskeli hiyo! Aah, mguu wangu!" Bibi akamwambia, "Mwanangu, ungekuwa wewe ndiye breki tungeshakufa." Tulipita mjini, watu wa barazani wakasimama kututazama. Tukapita Tongoni, minazi inamwaga maji. Mbele ya hapo, tukikaribia Kigombe, njia ikageuka tope, na katikati ya tope kulikuwa na basi limelala upande, abiria wameteremka, wamesimama kwenye nyasi na miavuli na mabegi.

Nafasi iliyobaki kati ya basi na mfereji ilikuwa ndogo, na ilikuwa imechimbika. Mama akaingia hapohapo. Gurudumu la mbele likazama. Injini ikaguna, tope likarukia vioo, jingine likamwingilia Mama dirishani, tukasimama, tukaanza kuinamia upande wa mfereji. Somo akaanza kusoma Ayatul Kursi kwa sauti. Abiria wa basi wakapiga kelele, kila mmoja na ushauri wake. Baba akawashinda wote: "Kanyaga mafuta! Hapana, acha! Kata kulia! Kulia!"

Mama hakugeuka. Alisema kwa upole kabisa, "Mume wangu, nakuomba unyamaze kidogo, nilisikie gari."

Na Baba akanyamaza.

Mama akashika kile kirungu kifupi kilicho kando ya gia, cha kuyapa nguvu magurudumu yote manne, akakivuta hadi kikalia. "Rukia! Nipe nyuma."

Nilikuwa nimeshapiga magoti, paji la uso limegota kioo. "Mfereji uko kulia kwako, mkono mmoja! Rudi moja kwa moja! Moja kwa moja... Kata kushoto kidogo... Rudi, Mama, rudi, pagumu!" Sebule ikarudi inchi kwa inchi, ikanguruma kifuani mwangu, ikapata mahali pagumu, ikatulia. Mama akavuta pumzi. Akaweka namba moja ndogo, akaachia klachi polepole, polepole sana, nami niliiona miguu yake bila kuiona. Dizeli haikupiga kelele. Ikasema tu, kwa sauti ya chini, kama mtu anayebeba gunia na hataki kulizungumzia. Tope likatuvuta, likatuachia, likatuvuta. Kisha mbele ikapanda, nyuma ikapanda, na tukawa upande wa pili.

Abiria wa basi walishangilia mpaka miavuli ikaanguka. Mama mdogo Saumu alifunua mtandio, bibi arusi mzima, akatoa kichwa dirishani akapiga kigelegele kilichosikika, naamini, hadi visiwani. Bibi alimpiga Baba kofi kwenye goti la mguu mzima. Idi akauliza kama tunaweza kufanya tena.

Tulifika Pangani Adhuhuri inaadhiniwa. Watu walitoka kumpokea bibi arusi, vigelegele vikaanza, halafu vikakatika walipomwona anayeshuka upande wa usukani, kisha vikaanza tena kwa nguvu maradufu, na sikuweza kujua vya nani ni vya nani. Shangazi mmoja wa huko alimkumbatia Mama, akajipaka tope lote la baibui la Mama, wala hakujali.

Ndoa ilifungwa kwa wakati wake. Baadaye, wanawake wakiwa ndani wanaimba na wanaume wamekwenda kula, nilimwona Baba peke yake kwenye baraza ya pembeni, mguu juu ya kiti. Mama akamletea sahani ya biriani, akakaa kando yake. Mimi nilikuwa nyuma ya nguzo.

"Nani amekufundisha?" Baba aliuliza.

"Mama Eliya, wa Makorora. Aliyekuwa akiendesha trekta."

Baba akala tonge moja. "Kwa nini hukuniambia mimi?"

"Nilikuambia," alisema Mama. "Siku ileile ulipolileta. Ulicheka."

Baba alilifinyanga tonge jingine mkononi. "Siku ile ya marehemu," akasema mwishowe, "ningekuwapo, ningekuleta. Wallahi ningekuleta hata usiku."

"Najua, Baba Rukia. Hukuwapo."

Alitikisa kichwa taratibu, akakitikisa tena. Sijawahi kumwona baba yangu ameinamisha uso namna ile mbele ya mtu. Kisha akanyoosha mkono, akazisafisha kucha za Mama zilizokuwa na tope, moja moja, kwa kitambaa chake cha mfukoni, kama vile hakuna kazi nyingine yoyote duniani. Mama alimwachia mkono hadi akamaliza. Akaitwa ndani, akainuka.

"Rukia," akasema Baba bila kugeuka, "toka nyuma ya nguzo."

Nikatoka. Nilijua nitachapwa, nikaanza kutafuta maneno.

"Ulijua?"

"Ndiyo, Baba."

"Tangu lini?"

"Tangu shamba la mkonge."

"Shamba la mkonge!" Akajishika kichwa. "Na Bibi yako?"

Nikatazama vidole vya miguu yangu. Nilikuwa nimeahidi siri ya Mama, lakini ya Bibi hakuna aliyenikataza, nami sikujua niitoe au niifiche. Baba aliona, na bega lake likaanza kutikisika. Nilidhani analia. Alikuwa anacheka, kicheko cha chini chini kilichomfanya ashike ule mguu kwa maumivu na kuendelea kucheka palepale.

"Alizima mara ngapi siku ya kwanza?"

"Mara tisa, Baba. Na mara moja alinigonga kichwa."

"Kaa," akasema, akaisogeza sahani ya biriani katikati yetu. "Kaa hapa unieleze yote, usiache hata moja."

Nikakaa. Nikaanza kueleza, na kila niliposimama kutafuna alinigusa bega kwa kiwiko, akiniuliza kwa haraka kama mtoto: "Enhe? Halafu?"